Kuchagua Njia ya Baiskeli ya Siku Nyingi katika Milima ya Alpi

Kampuni zinazouza safari za baiskeli za siku nyingi katika Milima ya Alpi huzipanga safari hizo kwa madaraja. Baadhi hutumia maneno, kama vile rahisi, wastani na ngumu. Nyingine hutumia nambari kuanzia 1 hadi 5. Nyingine huchora vilima vidogo pembeni mwa bei. Mteja anayenunua safari akiwa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat hawezi kwenda kuijaribu njia kabla ya kulipa, na hivyo hulazimika kuliamini daraja. Tunapenda aelewe tangu mwanzo kwamba daraja hilo si kipimo. Ni maoni ya muuzaji. Kila kampuni hujiwekea madaraja yake, na huyaweka kwa kuwatazama wateja iliowazoea, ambao aghalabu ni Wajerumani, Waholanzi au Waaustria waliokwenda shule kwa baiskeli na wangali wanaipanda kila mwisho wa juma. Safari iliyo rahisi kwa watu hao inaweza kumtoa machozi mtu ambaye mara ya mwisho alipanda baiskeli akiwa kijana.

Hasara yake si ndogo. Safari ya juma moja, ukijumlisha tikiti ya ndege, ada ya viza, bima, malazi na kukodi baiskeli, humaliza akiba ya miezi mingi. Miguu ikikataa siku ya pili, muuzaji hana wajibu wa kurudisha fedha kwa sababu tu mteja amechoka. Hata hivyo, mteja anaweza kujikinga. Daraja ni neno pana lisilomfunga muuzaji kwa jambo lolote bayana, ilhali takwimu aliyoiandika na kuikubali humfunga. Katika sura hii tunaeleza takwimu zipi za kudai, zina maana gani kwa mwili wa mtu wa kawaida, na ni njia zipi kati ya zile zinazojulikana sana zinazomfaa nani.

Kimo na jumla ya kupanda

Watu wengi hutishwa na kimo. Wanaposoma kwamba kipito cha Reschen, mahali ambapo barabara inavuka mgongo wa milima kutoka Austria kuingia Italia, kiko mita 1,504 juu ya usawa wa bahari, hudhani kwamba hewa yenyewe itawashinda. Mkazi wa Nairobi hulala kila usiku juu zaidi ya hapo, kwa kuwa jiji lake liko kwenye takribani mita 1,800. Katika njia nyingi za mabondeni za Alpi, kimo si kikwazo. Kinachochosha ni jumla ya mita ambazo mpanda baiskeli atapanda kwa siku, na hiyo ni takwimu nyingine kabisa.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika kipito cha Galibier nchini Ufaransa. Mji wa Saint-Michel-de-Maurienne uko kwenye takribani mita 710, na kipito kiko kwenye mita 2,642. Anayetoa moja katika nyingine hupata mita 1,930 hivi. Lakini barabara hupanda kwanza hadi kipito cha Télégraphe, kisha huteremka hadi kijiji cha Valloire, ndipo ianze kupanda upya. Mita zaidi ya 150 zilizopotea katika mteremko huo hupandwa mara ya pili, na jumla hufikia kama mita 2,100. Kwa namna hiyo hiyo, njia isiyo na kipito hata kimoja inaweza kukusanya mamia ya mita kwa siku kutokana na vilima vidogo vinavyofuatana, kila kimoja kikionekana kuwa si kitu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: siku ya kwanza nitapanda jumla ya mita ngapi, siku ya pili ngapi, na kuendelea hadi siku ya mwisho? Asikubaliwe akijibu kwa wastani. Safari ya siku sita yenye wastani wa mita 400 kwa siku inaweza kuwa na siku tano zilizo karibu tambarare na siku moja ya mita 1,500, na siku hiyo moja ndiyo itakayoamua kama fedha zilitumika vema.

Mtu mwenye afya njema asiye mwanamichezo, akiwa na baiskeli ya kawaida na mzigo mdogo, hupanda kati ya mita 300 na 400 kwa saa, mapumziko yasipohesabiwa. Mita 1,000, basi, ni takribani saa tatu za kukanyaga pedali bila nafuu. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, ana kipimo tayari akilini mwake: ni karibu mita 1,000 za kupanda katika kilomita 33 hivi. Ajiulize kama angeweza kuupanda mlima ule kwa baiskeli, akalala, akaamka kesho yake na kuanza mwingine. (Hatumshauri kwenda kuujaribu huko huko, barabara ni nyembamba, kona ni nyingi na mabasi hayangoji mtu.)

Takwimu ya tatu ni ukali wa mwinuko, ambao huandikwa kwa asilimia. Asilimia 5 maana yake ni kupanda mita 5 kwa kila mita 100 za mwendo. Mwinuko wa asilimia 2 au 3 huvumilika kwa yeyote mwenye gia. Kwenye asilimia 6 au 7 mazungumzo hukatika. Ukizidi asilimia 10, wengi wenye mizigo hushuka na kusukuma, na hakuna aibu katika kusukuma mradi mtu alijua mapema kwamba atasukuma. Hapa pia wastani hudanganya, kwa hiyo aulizwe muuzaji sehemu kali kabisa ni ya asilimia ngapi na ina urefu gani.

Kwa kadirio letu la tahadhari, anayeanza asizidishe kilomita 45 na mita 300 za kupanda kwa siku. Aliyezoea kupanda baiskeli kila juma anaweza kuchukua kilomita 60 au 70 zenye mita 600 hadi 800. Zaidi ya hapo ni kazi ya watu waliojiandaa kwa miezi. Na familia au kundi la marafiki likisafiri pamoja, njia ichaguliwe kwa kumpima aliye dhaifu kuliko wote, si kwa aliyeleta wazo la safari.

Mwelekeo, upepo na uso wa njia

Mto hauendi juu, na treni za zamani hazikuweza kupanda miinuko mikali. Ndiyo sababu njia nyepesi kuliko zote katika Alpi hufuata kingo za mito au matuta ya reli zilizong'olewa. Maneno hayo mawili yakiwa katika maelezo ya safari ni dalili njema. Hata hivyo, msemo wa "kando ya mto" husema kweli kuhusu mto, si lazima kuhusu njia. Bonde linapobana na kuacha nafasi ya mto na barabara kuu pekee, njia ya baiskeli husukumwa juu ya kilima, kisha hurudishwa chini upande wa pili.

Mwelekeo hubadili daraja la njia nzima. Kutoka Reschen kuteremka hadi mji wa Merano, ulio kwenye mita 325 hivi, ni safari ya kupendeza ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuimaliza kwa siku mbili. Njia ile ile ikifuatwa kutoka Merano kwenda juu ni zaidi ya mita 1,100 za kupanda. Ramani haionyeshi tofauti hiyo, wala picha za mashamba ya matufaha haziionyeshi.

Kisha kuna upepo, jambo ambalo vipeperushi karibu havilitaji. Siku za jua la kiangazi, hewa ya mabondeni hupata joto na kuvuma kuelekea juu, hasa tangu adhuhuri. Katika bonde la Rhône nchini Uswisi, upepo huo ni mkali kiasi cha kuinamisha miti. Njia ya kitaifa nambari 1 ya nchi hiyo, inayotoka Andermatt hadi Geneva, huenda pamoja na maji ya mto, na kwa hiyo huuzwa kama mteremko. Lakini anayeanza siku yake saa tano asubuhi atakuwa akikanyaga pedali hata pale ardhi inaposhuka. Kusini mwa Bolzano, upepo wa alasiri unaotoka upande wa ziwa Garda humpiga usoni anayekwenda Verona. Dawa ni moja: kuondoka mapema. Kufanya hivyo humwepusha mtu pia na ngurumo na mvua za alasiri, ambazo ni za kawaida milimani mwezi Julai na Agosti.

Kuhusu uso wa njia tutasema machache. Muuzaji aulizwe ni kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe, na ngapi zinazopita katika barabara ya magari. Changarawe haina ubaya kwa matairi mapana, lakini humchosha na kumtia hofu mwenye matairi membamba.

Njia zinazomfaa anayeanza

Njia inayopendwa kuliko zote na familia huanzia katika miji ya Toblach na San Candido, kaskazini mwa Italia, na kushuka na mto Drau hadi Lienz nchini Austria. Kutoka San Candido ni kilomita 44 hivi, na ardhi hushuka kwa takribani mita 500. Watu hukodi baiskeli mwanzoni, huirudisha Lienz, na kurejea kwa treni. Ubaya wake ni umaarufu wake. Katikati ya Agosti, Waitalia wanapokuwa likizoni, njia hujaa watoto, mikokoteni ya watoto na wapanda baiskeli wasioangalia nyuma. Anayeweza kwenda Juni au Septemba ataifaidi zaidi. Anayetaka siku nyingi anaweza kuendelea kutoka Lienz kupitia Spittal hadi Villach kwa siku fupi fupi. Njia yenyewe huendelea hadi Maribor nchini Slovenia, lakini upande wa mashariki, kuelekea mpakani, vilima huongezeka. Kwa anayeanza, tunaona Villach ni mahali pazuri pa kukomea.

Sehemu ya pili tunayoipendekeza ni bonde la Vinschgau, kati ya Mals na Merano, ambalo tumeligusia. Reli ya bonde hilo ilifunguliwa tena mwaka 2005 na hufuatana na njia ya baiskeli, kwa hiyo aliyechoka hashikiki njiani: huenda kwenye stesheni iliyo karibu. Kuna jambo moja la kuangalia. Karibu na Merano njia hushuka ghafla kwa kona kali, na mtoto au mtu asiyeziamini breki zake ashuke na kuikokota baiskeli. Aidha, msomaji asishangae kuona kila mji wa eneo hilo una majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano. Toblach ni Dobbiaco, Mals ni Malles, na San Candido ni Innichen. Tikiti inaweza kuandikwa kwa jina ambalo hakulizoea.

Kwa anayeogopa kabisa milima lakini angependa kuitazama, kulizunguka ziwa Bodensee ni kama kilomita 260 zilizo karibu tambarare, kupitia Ujerumani, Austria na Uswisi, na meli za ziwani humfupishia safari wakati wowote.

Njia za aliyezoea kiasi

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoweza kuzuka, kwa sababu neno "wastani" ndilo lenye kubeba mengi kuliko yote.

Njia ya Alpe Adria huanzia Salzburg nchini Austria na kuishia Grado, mji wa Kiitaliano ulio kwenye bahari ya Adria, baada ya takribani kilomita 410. Huuzwa kwa maneno ya kuvuka Alpi kwa baiskeli. Kwa kweli mgongo wenyewe wa milima huvukwa kwa treni: kati ya Böckstein na Mallnitz abiria na baiskeli zao hupita ndani ya handaki lenye urefu wa kilomita 8 hivi, kwa muda wa kama dakika kumi. Sisi hatuoni ubaya wowote katika hilo, ila mteja ajue anachonunua. Sehemu ngumu ni ile inayotangulia handaki. Kutoka bonde la mto Salzach hadi Böckstein kuna kama mita 600 za kupanda, na ngazi ya mwisho kuelekea Bad Gastein ni kali. Baadhi ya wauzaji huwapandisha wageni wao kwa treni katika sehemu hiyo, na wengine huwaacha wapande wenyewe. Safari hizo mbili zinaweza kuwa na jina moja, ramani moja na bei zinazokaribiana. Hapana budi kuuliza.

Upande wa Italia ndio malipo ya jasho hilo. Kutoka eneo la Tarvisio njia huifuata reli ya zamani ya Pontebbana, kupita madaraja marefu ya chuma na mahandaki yenye taa, kwa mteremko mpole. Chini yake iko Venzone, mji mdogo uliobomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1976 na kujengwa upya kwa mawe yake yale yale. Tungemshauri yeyote mwenye siku ya akiba aitumie hapo.

Njia nyingine ya daraja hili ni Via Claudia Augusta, inayofuata barabara ya Warumi iliyokamilishwa katika miaka ya 46 na 47 baada ya Kristo, wakati wa Kaisari Klaudio. Ina vipito viwili, Fern chenye mita 1,200 na ushei, na Reschen. Kabla ya Reschen, njia huingia Uswisi kidogo hadi kijiji cha Martina, kisha hupanda kwa kona zinazofuatana zaidi ya mita 350 kabla ya kurudi Austria. Kuna mabasi yanayobeba baiskeli na kuwavusha watu katika vipito vyote viwili, na aghalabu ni lazima kuweka nafasi mapema. Kwa anayetumia mabasi hayo, njia hii ni ya wastani mwepesi. Kwa asiyeyatumia, ni ya wastani mzito. Juu ya Reschen kuna ziwa lenye mnara wa kanisa uliochomoza katikati ya maji. Ni mabaki ya kijiji cha Graun, kilichofunikwa na bwawa mwaka 1950.

Tunataka pia kuonya kuhusu njia ya kutoka Bodensee hadi ziwa Königssee, kusini mwa Ujerumani, yenye zaidi ya kilomita 400. Haina kipito kirefu hata kimoja, na kwa sababu hiyo wengi huidharau. Lakini hupita katika vilima vya chini ya Alpi, na vilima hivyo haviishi.

Vipito vikubwa

Kuhusu barabara za juu kabisa hatuna mengi ya kusema, kwa kuwa anayezistahili kwa kawaida hahitaji kijitabu. Route des Grandes Alpes ya Ufaransa, kutoka Thonon-les-Bains kwenye ziwa Geneva hadi bahari ya Mediterania, ina takribani kilomita 700 na zaidi ya mita 15,000 za kupanda, ambazo ni sawa na kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha Kilimanjaro mara mbili na nusu. Kipito chake cha Iseran kinazidi mita 2,760. Stelvio nchini Italia, kwa upande wa Prato, ni kona 48 na zaidi ya mita 1,800 za kupanda katika kilomita 25 hivi. Kwa mwendo wa mita 400 kwa saa, ni saa nne na nusu juu ya pedali. Barabara hizi hufungwa kwa theluji kuanzia vuli hadi Mei au Juni, na theluji inaweza kuanguka hata Agosti. Mteja anayeuziwa tarehe za mwanzoni mwa Juni aulize kwa maandishi nini kitafanyika kipito kikiwa bado kimefungwa.

Baiskeli ya umeme

Baiskeli ya umeme hupunguza daraja la njia, nasi tunaipendekeza kwa dhati kwa makundi yenye watu wa nguvu tofauti. Katika Umoja wa Ulaya, ile isiyohitaji leseni ina mota ya wati 250 na huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Lakini betri ya wati-saa 500, ikibeba mtu mzima na mizigo, kwa kawaida hutosha kupanda kama mita 1,000 hadi 1,500 tu, kutegemea nguvu anayoichangia mpandaji mwenyewe. Zaidi ya hapo mtu hubaki na chombo chenye uzito wa kilo 25 kisicho na msaada wowote. Wala baiskeli hiyo haimsaidii mtu kushuka: uzito wake hudai mkono uliozoea breki, na asiyezoea afanye mazoezi mahali tambarare siku ya kwanza.

Asifikirie mtu kwenda nayo kutoka nyumbani. Betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160 haziruhusiwi kubebwa na abiria katika ndege, na karibu betri zote za baiskeli huzidi kiwango hicho. Hukodiwa huko huko. Mkataba wa kukodi useme bayana mteja atalipa kiasi gani baiskeli ikiibiwa au ikiharibika.

Kabla ya kutoa arubuni

Andika barua au baruapepe yenye mahitaji yako: "Kundi letu lina watu wanne, mmoja ana miaka 64. Tunahitaji siku zisizozidi kilomita 45 na mita 300 za kupanda, na uwezekano wa kupanda treni kila siku." Omba ikubaliwe kwa maandishi. Chini ya Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, yanayotumika tangu tarehe 1 Julai 2018, mahitaji maalumu ya msafiri ambayo mwandaaji ameyakubali huwa sehemu ya mkataba wa safari ya kifurushi, yaani safari inayounganisha angalau huduma mbili za aina tofauti, kama vile malazi na usafiri. Maelekezo hayo hayo humruhusu msafiri kujitoa bila gharama bei ikipandishwa kwa zaidi ya asilimia 8, na kumhamishia mtu mwingine nafasi yake kwa kutoa taarifa angalau siku saba kabla ya safari. Humtaka pia mwandaaji awe na dhamana ya kurudisha fedha akifilisika. Uswisi haimo katika Umoja huo na ina sheria yake ya safari za vifurushi ya mwaka 1993. Kwa hiyo ni muhimu kujua mwandaaji amesajiliwa nchi gani. Ukinunua kwa wakala wa nyumbani, dai jina la mwandaaji mwenyewe na anwani yake. Wakala anayesita kulitaja asipewe fedha.

Kuhusu viza, raia wengi wa Afrika Mashariki huhitaji viza ya Schengen, ambayo hutosha kwa nchi zote tulizozitaja. Njia ikipita nchi mbili au tatu, maombi hupelekwa kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi chini ya siku 15. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi viza ikinyimwa. Kunyimwa viza, kwa kawaida, hakumpi msafiri haki ya kuvunja mkataba bure. Omba basi kifungu kinachosema arubuni itarudishwa viza ikikataliwa, au uchelewe kulipa sehemu kubwa hadi viza itoke.

Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 ni sharti la viza. Isome kabla ya kuisaini. Baadhi ya bima za bei nafuu haziwahusu waliojeruhiwa katika michezo ya milimani, na kuokolewa kwa helikopta nchini Austria kunaweza kumwachia mgeni ankara ya maelfu ya yuro. Tafuta kifungu kinachotaja uokoaji wa milimani na baiskeli kwa majina.

Njia isipokuwa ile uliyouziwa

Ukikuta siku ya mita 300 ni ya mita 900, usingoje kurudi nyumbani ndipo ulalamike. Mjulishe mwandaaji siku hiyo hiyo kwa maandishi, kwa sababu sheria humtaka msafiri atoe taarifa bila kuchelewa na humpa mwandaaji nafasi ya kurekebisha, kwa mfano kwa kukupatia gari au treni. Piga picha ya vibao na ya kifaa cha kupimia njia kama unacho, na utunze risiti ya kila nauli uliyolazimika kulipa. Taarifa iliyoandikwa Jumanne jioni, pamoja na ile baruapepe ya mahitaji yako, hukupa msingi wa kudai kupunguziwa bei.

Ajali ikitokea, namba ya dharura katika nchi zote hizi ni 112. Nchini Austria kikosi cha uokoaji wa milimani hupatikana kwa 140, na nchini Uswisi uokoaji wa angani kwa 1414. Ziandike kwenye karatasi na kuiweka mfukoni, kwani simu huisha chaji.